Mgeni Asiyepewa Jembe: Fedha na Urafiki katika Riwaya ya Austenland

Utangulizi

Riwaya ya Shannon Hale, Austenland, iliyochapishwa Marekani mwaka 2007, imechukuliwa na wasomaji wengi kuwa kitabu cha kupitishia wakati. Haiba yake yenyewe yaalika hukumu hiyo. Ni riwaya fupi, yenye mapenzi na kicheko, na mtunzi ameitabaruku kwa Colin Firth, mwigizaji aliyejulikana kote kwa sehemu ya Bwana Darcy katika tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 1995. Hata hivyo, ndani ya kicheko hicho limefichwa swali zito la uhakiki: mtu akilipa fedha ili aishi ndani ya kitabu akipendacho, huingia kitabuni kweli, au huingia katika hoteli iliyopakwa rangi ya kitabu?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya hii ina ukweli mmoja mkubwa ambao mtunzi wake aliuvumbua, akaushika mkononi kwa muda, kisha akauacha uanguke. Ukweli huo ni kwamba jumba la likizo linalosimuliwa humu ni la uongo katika mavazi yake, katika lugha yake na katika mapenzi yake; lakini katika daftari lake la hesabu ni la kweli kabisa. Hapo peke yake ndipo linapomfikia Jane Austen.

Muhtasari wa kisa

Jane Hayes ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchoraji wa michoro ya magazeti mjini New York. Ametazama tamthilia ya Pride and Prejudice mara nyingi mno, na DVD zake huzificha ndani ya chungu cha mmea nyumbani kwake ili wageni wasizione. Bibi mmoja mkwasi wa ukoo wake, Carolyn, anazigundua. Na anapofariki, anamwachia Jane katika wasia wake si nyumba wala fedha taslimu, bali likizo ya wiki tatu iliyokwisha kulipiwa, isiyoweza kurudishwa wala kuuzwa.

Likizo yenyewe ni ya namna ya pekee. Katika jimbo la Kent, Uingereza, lipo jumba liitwalo Pembrook Park, ambako wageni, wote wanawake, huishi kana kwamba ni enzi ya Regency, yaani miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya babake aliyeugua akili. Wageni huvua nguo zao za kisasa na kuvaa kanzu ndefu za kiuno cha juu. Huacha simu zao. Hufundishwa karata, ngoma na adabu za mezani. Kila mmoja hupewa jina jipya: Jane Hayes anakuwa Miss Erstwhile. Jumbani humo wanaume ni waigizaji wa kuajiriwa, na kazi yao ni kumfanya kila mgeni ajione kuwa yeye ndiye nguli wa hadithi. Msimamizi wa yote ni Bi Wattlesbrook, mwanamke mkali asiyesahau kanuni hata moja.

Jane anaijia likizo hiyo kama mgonjwa aendaye kwa mganga: anataka ndoto ya Bwana Darcy imtoke mara moja asirudiwe nayo tena. Anavutwa kwanza na Martin, mtunza bustani, ambaye chumbani mwake mna televisheni iliyofichwa na vinywaji vya kisasa, na ambaye kwa hiyo aonekana kuwa mtu halisi pekee mahali pote pale. Baadaye anavutwa na Bwana Nobley, mwigizaji mwenye kiburi na maneno machache, aliyeumbwa kwa kigezo cha Darcy. Mwishoni anafahamishwa kwamba Martin naye alikuwa ameajiriwa: penzi la bustanini ndilo lililokuwa limeandaliwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Nobley, aliyedhaniwa kuwa wa bandia, ndiye anayemfuata hadi kwenye ndege akiwa na jina lake halisi na moyo wake halisi.

Msomaji aingiaye kitabuni

Kisa cha msomaji anayetaka kuishi ndani ya vitabu vyake si kipya. Cervantes alikiweka msingi katika Don Quixote, sehemu ya kwanza mwaka 1605 na ya pili mwaka 1615. Katika sehemu hiyo ya pili, mtawala mmoja na mkewe, ambao wamekwisha kusoma habari za Quixote, wanamkaribisha jumbani mwao na kuwaamrisha watumishi wao kuigiza ulimwengu wa mashujaa ili wapate kumcheka. Hilo, kwa hakika, ndilo Pembrook Park la kwanza katika fasihi ya Ulaya. Tofauti ni kwamba pale mwenyeji alilipia kicheko, na hapa mgeni analipia njozi. Charlotte Lennox alikifanya kisa hicho kuwa cha mwanamke katika The Female Quixote mwaka 1752. Kisha akaja Austen mwenyewe.

Northanger Abbey ilichapishwa baada ya kifo cha mtunzi wake, mwishoni mwa mwaka 1817, ingawa muswada wake wa awali ulikuwa umeuzwa kwa mchapishaji mmoja mwaka 1803 kwa pauni 10, ukakaa bila kuchapishwa hadi uliponunuliwa tena kwa bei ile ile. Mhusika wake mkuu, Catherine Morland, ni msichana wa miaka kumi na saba anayesoma riwaya za kutisha pamoja na rafiki yake Isabella Thorpe. Anapoalikwa na Jenerali Tilney kukaa katika jumba lililokuwa makao ya watawa zamani, anafurahi kuliko kiasi, maana ameingia ndani ya kitabu. Anafungua makabati usiku akitafuta siri za damu. Anamdhania jenerali kuwa alimuua mkewe.

Siri za damu hazipo. Lakini siku moja jenerali anapata habari kwamba Catherine si mrithi wa mali kama alivyodanganywa, naye anamfukuza alfajiri asisindikizwe na mtu, mwendo wa maili 70 kwa magari ya kukodi. Hapa ndipo Austen anapoonyesha umahiri wake. Msichana alitafuta kitisho cha riwaya akakikosa, halafu akakutana na kitisho cha kweli ambacho hakuna riwaya iliyokuwa imemtayarisha kukitambua, yaani hesabu ya mali. Jenerali si muuaji. Ni mtu anayehesabu. Na kwa msichana asiye na kitu, katika jamii ile, anayehesabu aweza kutisha kama muuaji.

Hale amemsoma Austen kwa makini, na mambo kadhaa katika kitabu chake yaonyesha kwamba anazijua riwaya hizo vyema. Kwa hiyo si dhuluma kuipima Austenland kwa kipimo cha Northanger Abbey. Kipimo hicho ndicho kipimo chake halali.

Daftari la Bi Wattlesbrook

Yafaa kukumbuka jinsi Austen anavyowatambulisha wahusika wake. Katika Pride and Prejudice (1813) msomaji anajua kwamba Darcy ana pauni 10,000 kwa mwaka kabla hajamsikia akisema neno la maana. Anajua pia kwamba Elizabeth Bennet atakapofiwa na mamake hatapata zaidi ya pauni 1,000 zenye faida ya asilimia 4, yaani pauni 40 kwa mwaka. Na Bwana Collins anamkumbusha jambo hilo katika posa yenyewe. Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, anamkubali Collins akijua vyema anachonunua na anachouza. Mtunzi mwenyewe aliuza haki zote za riwaya hiyo kwa pauni 110. Babake alipofariki mwaka 1805, yeye, mamake na dadake walitegemea misaada ya ndugu zao wa kiume, na nyumba ya Chawton waliyohamia mwaka 1809 ilikuwa ya kakake Edward, mrithi wa mali za ukoo wa Knight. Huyo Edward alikuwa pia na jumba kubwa la Godmersham, katika jimbo lile lile la Kent ambako Hale ameliweka jumba lake la kubuni. Austen alifika Godmersham mara nyingi, akiwa ndugu maskini miongoni mwa ndugu matajiri. Alijua maana ya kuwa mgeni katika nyumba nzuri ambayo si yake.

Sasa na atazamwe Jane Hayes kwa jicho hilo. Hakuilipia likizo yake. Imelipiwa na bibi tajiri aliyefariki. Hana uwezo wa kurudi mwaka ujao, wala wa kuwaleta marafiki wenye uwezo. Bi Wattlesbrook anaishi kwa wateja wanaorudi, na kwa hiyo Jane, machoni pake, si mteja wa kutunzwa. Mpango wa nyumba unampangia nafasi ya mpwa anayekaa kwa shangazi yake, nafasi ile ile aliyokuwa nayo Fanny Price katika Mansfield Park (1814), binti maskini anayelelewa kwa mamake mkubwa. Na penzi analoandaliwa ni la mtunza bustani, huku mabwana wakubwa wakiwekewa wanawake wengine.

Jambo hili halina budi kutazamwa kwa uzito wake. Pembrook Park, ambalo limejaa makosa ya kihistoria, limemtendea Jane hasa kama jamii ya mwaka 1813 ingalivyomtendea. Limempima mfuko wake, likamkatia mume wa kadiri yake. Hakuna aliyekusudia kuigiza jambo hilo. Halimo katika kanuni alizofundishwa Jane kabla ya kuingia, pamoja na karata na ngoma. Limetokea lenyewe, kwa sababu biashara ya karne ya 21 na ndoa ya mwanzo wa karne ya 19 zina hesabu moja. Hiki ni kinaya cha hali ya juu, na kama riwaya hii ingalikifuata hadi mwisho, ingalistahili kuwekwa karibu na Northanger Abbey.

Filamu iliyotokana na riwaya hii mwaka 2013, iliyoongozwa na Jerusha Hess, ilikitambua kinaya hicho na kukipaza sauti. Humo Jane hapewi likizo kwa wasia. Anatumia akiba yake yote, na bado akiba hiyo inamfikisha kwenye daraja ya chini kabisa, iitwayo ya shaba, huku wengine wakiwa katika daraja ya madini ya thamani. Analazwa upande wa watumishi. Filamu hiyo ina mizaha mingi ya kelele, lakini kwa nukta hii imemsoma Austen vizuri kuliko kitabu ilichotokana nacho. Kitabu kilinong'ona, filamu ikasema.

Urafiki chini ya majina ya kubandikwa

Upo upande mwingine wa riwaya hii usiopata kuangaliwa ipasavyo, nao ni urafiki. Ingawa Jane anafika peke yake, anajikuta katika kikundi cha wanawake: Miss Charming, Mmarekani mwenzake mwenye fedha nyingi na matamshi ya Kiingereza ya kujitengenezea, na Miss Heartwright, mpole, mzuri, ambaye amekwisha kufika Pembrook kabla ya hapo. Wanatembea pamoja, wanadarizi pamoja, wanaigiza mchezo wa kuigiza pamoja. Katika riwaya iliyofuatia, Midnight in Austenland (2012), Miss Charming anaonekana tena, na mgeni mpya, Charlotte, aliyeachwa na mumewe, anapata humo waandani wapya.

Lakini huu ni urafiki wa namna gani? Majina wanayoitana si majina yao. Hawaruhusiwi kuzungumza juu ya kazi zao, watoto wao, talaka zao au nchi walikotoka. Kila mmoja amelipa ili awe nguli, na hadithi haiwezi kuwa na manguli watatu wasiotazamana kwa jicho la pembeni. Zaidi ya hayo, mabwana ni wa kuhesabika. Methali ya Kiswahili yasema mwenye pesa si mwenzio. Pembrook Park limeificha methali hiyo chini ya kanzu zinazofanana, lakini halikuifuta. Mwanamke anayerudi kila mwaka na mwanamke aliyeletwa na wasia wanakaa meza moja bila ya kuwa sawa.

Tofauti na Austen hapa ni kubwa, na inafaa kuelezwa kwa mfano mmoja. Catherine Morland anapofukuzwa Northanger, rafiki yake Eleanor Tilney, binti wa jenerali, anakumbuka kumwuliza jambo moja dogo: je, ana fedha za njiani? Catherine anatazama mkoba wake na kuona kwamba hazitoshi. Eleanor anamkopesha. Tukio hili huchukua mistari michache tu, na wengi hulipita wakikimbilia arusi. Hata hivyo, hilo ndilo tukio la urafiki lililo zito kuliko yote katika riwaya hiyo. Isabella Thorpe alimwita Catherine kipenzi na mwandani kwa maneno matamu kurasa nyingi, akamwacha. Eleanor hakusema mengi. Alijua kwamba rafiki yake hana nauli. Kwa Austen, rafiki ni yule anayejua hali ya mfuko wako asikudharau kwayo.

Katika Pembrook Park hakuna awezaye kuwa Eleanor, kwa kuwa kujua mfuko wa mwenzako ni kuvunja kanuni. Filamu yakaribia jambo hili pale Jane anapokutwa na simu ya mkononi, akawa karibu kufukuzwa, na Amelia Heartwright akajitwika kosa kwa kudai kwamba simu ni yake. Wema huo wapendeza, lakini mhakiki hana budi kuuliza kwa nini unafaulu. Unafaulu kwa sababu Amelia ni mteja ambaye nyumba haithubutu kumpoteza. Jane anaokolewa kwa uzito wa mfuko wa mwenzake, na fadhila hiyo haikosi kudaiwa baadaye.

Rafiki aliye thabiti katika riwaya yumo nje ya jumba. Huyo ni Molly, aliyebaki Marekani, mwenye familia na shughuli zake, anayemfahamu Jane kwa jina lake halisi. Hale amempa nafasi finyu. Lakini ni dhahiri kwamba mizani ya urafiki katika kitabu hiki yaegemea kwake. Na kuwako kwake mbali na Pembrook kwaonyesha, pengine bila ya mtunzi kukusudia, kwamba jumba lile laweza kuuza karibu kila kitu isipokuwa mwenzi.

Mtumishi asiye mtumishi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga walioitunga methali hii hawakumchukia mgeni. Walijua tu kwamba nyumba yoyote ina kazi, na kwamba mtu aliaye kwenye nyumba pasipo kuijua kazi yake bado hajaingia nyumbani humo. Wageni wa Pembrook hukaa siku 21 bila ya kuliona jembe. Maji ya kuoga hufika. Moto huwashwa. Kanzu zenye vifungo vya mgongoni hufungwa na mikono ya wengine.

Mikono hiyo ni ya nani? Hapa riwaya ina pengo lisilozibika. Mtumishi pekee anayepewa nafasi kubwa, sura, sauti na hisia ni Martin, mtunza bustani. Na Martin anafunuliwa kuwa si mtumishi bali ni mwigizaji aliyeajiriwa kuigiza utumishi. Maana yake ni kwamba kila mara msomaji alipodhani kuwa ameuona upande wa wafanyakazi, alikuwa akitazama pambo jingine tu la sebuleni. Wafanya kazi halisi, wale wanaofua na kupika ili mchezo uwezekane, wamebaki kuwa vivuli. Jumba limefaulu kuuza hata utumishi kama burudani, na riwaya inacheka pamoja na jumba badala ya kulicheka.

Yawezekana kujibu kwamba Austen naye hakuwapa watumishi wake maneno mengi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Austen aliandika akiwa ndani ya desturi za wakati wake, na bado aliacha nyufa. Katika Mansfield Park, Sir Thomas anasafiri hadi Antigua kushughulikia mali zake za huko. Na aliporudi, Fanny anamwuliza juu ya biashara ya watumwa, na swali lake linakutana na kimya cha jamaa yote. Bunge la Uingereza lilikuwa limeipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, ingawa utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea hadi sheria ya mwaka 1833. Edward Said alikifanya kimya hicho kuwa mada ya uhakiki mashuhuri katika Culture and Imperialism (1993). Pia Jo Baker, katika riwaya yake Longbourn (2013), aliisimulia upya Pride and Prejudice kwa macho ya watumishi, akianza na mikono inayofua nguo za kina Bennet. Yaani njia ilikuwako. Pembrook Park halina Antigua, wala halina siku ya kufua.

Hata hivyo haki itendeke. Lipo jembe moja ambalo Hale amempa mhusika wake. Jane alikuwa ameacha uchoraji wa rangi tangu zamani, akabaki na michoro ya kompyuta iliyompa mshahara. Katika likizo yake anaurudia. Kurasa anazochora ni chache, lakini ndizo zenye utulivu na ukweli kuliko zote za mapenzi, kwa maana hapo hamngoji mtu amwigizie jambo. Anafanya kitu kwa mkono wake. Laiti riwaya ingalimwacha hapo arudi New York na brashi yake, mgonjwa angalikuwa amepona. Badala yake mtunzi anampeleka Nobley uwanja wa ndege. Ndoto ya Darcy, ambayo riwaya nzima ilikuwa ikitibu, inarudishwa kama zawadi ya kupona. Ni kama mganga anayemwagia mgonjwa wake pombe ile ile iliyomwangusha, akampongeza kwa kuacha kunywa.

Swali la Kent na swali la Ngong

Swali hili si la Kent pekee, na msomaji wa Kenya ana sababu ya kulitazama kwa karibu. Nchi hii nayo ina likizo ya kifasihi. Karen Blixen aliishi katika nyumba yake chini ya vilima vya Ngong kuanzia mwaka 1917 hadi 1931, shamba lake la kahawa lilipouzwa kwa hasara. Kitabu chake cha kumbukumbu, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937. Filamu yake ikatoka mwaka 1985, na mwaka uliofuata nyumba hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu hapo wamekuja wageni ambao hawataki tu kuiona Kenya bali kuingia katika kitabu: mahema ya turubai, taa za chemni, vyombo vya fedha mezani, na mtumishi aliyevaa kanzu nyeupe akisimama nyuma ya kiti.

Kanzu hiyo haikutungwa na Hollywood. Nyuma yake kuna historia ya maskwota, watu waliokaa kwenye mashamba ya walowezi, mengi yao yakiwa ardhi ya wazee wao, na ambao kwa sheria ya mwaka 1918 walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Methali ya wahenga hapo ilipinduliwa: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Anayeuza likizo ya namna hiyo leo huuza mapambo ya uhusiano huo bila ya kuutaja, kama vile Bi Wattlesbrook auzavyo enzi ya Regency bila ya Antigua. Kwa hiyo Austenland si habari ya wanawake wachache wa Kimarekani wenye ndoto. Ni mfano wa jinsi fasihi inavyoweza kusafishwa hata ikawa bidhaa, na jinsi mambo ya kwanza kusafishwa yanavyokuwa ni kazi na ardhi.

Hitimisho

Shannon Hale ni mtunzi mwenye jicho kali na ulimi wa mzaha. Orodha ya wapenzi wa zamani wa Jane, anayoichomeka kwa nambari katika msuko wote, ni fani ya werevu: yaonyesha kwamba mtu huingia likizoni na madeni yake yote ya moyo. Pia ameonyesha kwa ufasaha aibu ya msomaji mwerevu anayejua kwamba anadanganyika na bado anataka kudanganywa. Hayo hayana budi kusifiwa.

Lakini aliyemchagua Austen amechagua mwalimu asiyesamehe hesabu mbovu. Austen alimfikisha msomaji wake jumbani, akamwonyesha kwamba hakuna mzimu, kisha akamwonyesha daftari la mwenye jumba, na mwishoni akampa rafiki mwenye kuuliza habari ya nauli. Hale amefika hadi mlangoni pa daftari. Amemwonyesha Jane akipimwa na kupangiwa mume wa kadiri ya mfuko wake. Kisha, kama kwamba aliogopa alichokiona, akaligeuza kosa la nyumba nzima kuwa kosa la mwigizaji mmoja, Martin, na akalitibu kwa mwigizaji mwingine.

Watambaji wa ngano za Kiswahili hufungua hadithi kwa paukwa, na wasikilizaji hujibu pakawa. Nao huifunga kwa maneno yanayomrudisha kila mtu kwake. Hadithi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na anayeketi kuisikiliza ndiye yule aliyetwanga mchana. Pembrook Park ni hadithi iliyofungwa mlango wake wa kutokea, ili mgeni arudi na kulipa tena. Riwaya iliyo bora juu ya jumba la namna hiyo haina budi kumtoa mhusika wake nje, imwache asimame njiani na hesabu yake mkononi. Austenland yamtoa nje kweli. Lakini yamtoa akiwa ameshikwa mkono na mtumishi wa jumba, ambaye angali amevaa sura ya Darcy.